Swali la Kumi na Moja

Kazi ya kliniki niliipata uzeeni, kwa barua ya kunisifu niliyojiandikia mwenyewe. Barua ilisema nilitunza mafaili miaka kumi katika ofisi moja ya kusafirisha mizigo. Ofisi ilikuwepo kweli. Nilifagia pale miezi minne.

Kliniki ilikuwa ya daktari mmoja, katika nyumba ya kawaida iliyogeuzwa. Sebule ikawa mapokezi, vyumba vya kulala vikawa cha daktari na cha nesi, jiko likawa ofisi ya msimamizi. Sinki lilikuwa bado lipo, limefunikwa ubao, na mafaili yamepangwa juu ya ubao. Meza yangu niliwekewa hapo hapo, kati ya sinki na dirisha, kwa hiyo hakuna lililosemwa katika ofisi ile lisipite masikioni mwangu.

Msimamizi tulimwita Bi Mhuri, yeye akiwa hayupo. Alikuwa na mihuri sita, imesimama mezani kwake kama askari kwenye gwaride. Daktari mwenyewe hakuwa na habari na karatasi. Alitibu, na alichowekewa mbele alikitia saini. Mimi waliniita Babu Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, kwa sababu kila walipotaja mji nilikuwa nimeshalala pale.

Kabla sijafika, kliniki ile ilikuwa imeungua kidole. Waliajiri nesi ambaye hakuwa nesi; cheti kilikuwa cha binamu yake, marehemu. Alidunga watu sindano miaka miwili, na wagonjwa wanasema alidunga vizuri tu, mpaka wakaguzi walipokuja kuuliza huyu binamu amefufuka lini. Mlango ukafungwa wiki sita. Aliyepitisha cheti kile alikuwa Bi Mhuri. Tangu hapo akatunga fomu yake ya kuwachunguza waombaji kazi: maswali kumi na moja kwa mwajiri wa zamani, kila swali na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

Kupiga simu akanipa mimi. Alisema nina sauti nzito, watu watadhani ni polisi na watasema kweli.

Wa kwanza niliyempigia alikuwa mwenye duka la dawa, mtu wa maneno mengi. Nikaandika kando ya visanduku, nafasi ikaisha, nikageuza karatasi nikajaza na nyuma. Bi Mhuri akaisoma, akatoka nayo hadi mapokezi, na mbele ya wagonjwa wote akaichana vipande vinne. Akasema nilitumwa kujaza fomu, si kutoa gazeti, na kama shule yangu haikufika kwenye visanduku ningemwambia mapema. Watu wakacheka. Mmoja alikuwa amefungwa bandeji kichwani, akacheka huku ameishika isidondoke.

Shule yangu kweli ilikuwa ya viraka. Mwaka huku, miezi sita kule, darasa la nne nililisoma mara mbili katika miji miwili na la tano sikuliona kabisa. Kwa hiyo lile neno liliniingia. Fomu nikairudia kwa tiki tupu, na sikuandika tena neno lolote kando. Nilijizoeza tiki yangu mpaka ikawa safi, yenye mkia mrefu unaopanda, na dada wa mapokezi akawa ananitania kuwa nimekuwa mwalimu mkuu.

Nafasi ya nesi ikaja kuwa wazi, maana aliyekuwepo alikwenda kujifungua akaamua kubaki na mtoto wake. Siku ya Jumatatu akaja mama mmoja wa arobaini na kitu, amevaa viatu vyeupe vya kazi vilivyopakwa rangi upya, ukiangalia vizuri unaona nyufa chini ya rangi. Nitamwita Sista, maana ndivyo nilivyomwita.

Sista alikuwa na tatizo moja na hakulificha. Karibu miaka mitano hakuwa kazini, alikuwa nyumbani akimuuguza mama yake. Na baraza la wauguzi lilikuwa na sheria yake: ukitimiza mitano nje ya kazi, leseni inakufa, unarudi chuoni miaka miwili kukaa benchi moja na watoto wa juzi. Mitano yake ilikuwa inatimia mwisho wa mwezi ule. Alihitaji barua ya ajira aipeleke barazani kabla ya hapo. Kliniki nne zilikuwa zimeshamkataa kwa sababu ya hilo pengo, na siku zilikuwa zimebaki kumi na tisa. Yetu ilikuwa ya mwisho.

Bi Mhuri hakumkaripia hata mara moja. Alimwita "mama" kila baada ya maneno mawili, kwa sauti kama pamba yenye spiriti, inapita baridi halafu inawasha. Alitaka ushahidi kwamba huyo mgonjwa alikuwepo. Sista akatoa kadi ya hospitali kwenye mfuko wa plastiki. Akatakiwa ushahidi kwamba mgonjwa hayupo tena, akatoa cheti cha kifo. Bi Mhuri akakiinua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayeangalia noti bandia.

"Mama mzazi alilala kitandani muda gani, mama?"

"Miaka mitatu ya mwisho."

"Alipata vidonda vya kulalia?"

Sista akaukunja ule mfuko wa plastiki. Halafu akasema kimoja, kwenye nyonga ya kushoto. Alikuwa akimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, lakini mwezi wa mwisho yeye mwenyewe alishikwa na homa, siku mbili hakuweza kunyanyuka.

"Kilipona?"

"Alifariki kabla hakijapona."

Bi Mhuri akaandika. Mimi nilikuwa natoboa karatasi, na kusoma maandishi ya mtu aliyekaa ng'ambo ya meza ni elimu niliyoipata kwenye foleni za ofisi za watu. Aliandika: Mgonjwa wake wa mwisho alipata kidonda cha kulalia. Hakuandika mgonjwa huyo alikuwa nani.

"Pole sana, mama," akasema, na akapiga mhuri.

Yaliyobaki yalikwenda vizuri. Polisi walisema hana doa. Chuo kilisema cheti ni chake, na yuko hai. Vipimo vya damu vikarudi safi. Ikabaki simu ya mdhamini, daktari mmoja mzee wa mji wa mbali ambaye Sista alifanya kazi kwake miaka kumi na mmoja, kabla mama yake hajaanguka. Nikampigia Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi.

Mji wake niliujua. Nikamtajia geti la bluu na ngazi tatu za kuingilia, akafurahi mpaka akakohoa. Kliniki yake, akasema, aliifunga mwaka jana, na hata Sista hajamwambia, asimwongezee mzigo. Macho yamemwisha, ukimpa gazeti anaona ukungu. Nikamwambia nina maswali kumi na moja, ajibu kila moja kwa ndiyo au hapana. Akasema niulize tu, kwa habari ya yule binti yake hana la kuficha.

Anawahi kazini? Ndiyo. Ni mwaminifu na dawa? Ndiyo. Ana lugha nzuri kwa wagonjwa? Ndiyo, hata kwa wanaomtukana. Tukaenda hivyo mpaka swali la nane: anatii wakubwa wake? Hapo mzee akacheka. Akanisimulia kwamba siku moja alimwandikia mtoto dawa, akakosea, akaandika mara kumi ya kipimo chake. Sista akaisoma, akairudisha mezani. Mzee akamwamuru adunge. Sista akamwambia mbele ya mama wa mtoto, "Sidungi. Andika upya." Mzee akasema, "Ndugu yangu, angenitii siku ile, mimi leo ningekuwa jela na yule mtoto kaburini."

Sasa hapo uweke tiki wapi? Kwa haki yake ilikuwa Hapana. Lakini nilijua Bi Mhuri atalisomaje, nikaweka Ndiyo. Nilijiona mtu mwema. Nikajiambia nimeshamdanganyia moja yule mama, yaliyobaki nitayaweka kama yalivyo, nisije nikakamatwa.

Swali la kumi na moja lilikuwa: Je, ungemwajiri tena?

"Hapana," mzee akasema. "Nitamwajiri wapi tena? Pamefungwa. Mimi mwenyewe nashikwa mkono kwenda chooni. Lakini mwambieni huyo daktari wenu amebahatika."

Nikaweka tiki kwenye Hapana. Tiki nzuri, yenye mkia. Kando sikuandika neno.

Bi Mhuri alipoichukua ile fomu hakuangalia juu. Jicho lilishuka moja kwa moja chini. Akasema maswali kumi ya kwanza kila mtu anamsifia mwenzake, ni adabu tu. La mwisho ndilo alilolitungia fomu nzima. Kama mtu aliyeishi naye miaka kumi na mmoja hamtaki tena, sisi tutamtakia nini? Akavuta mhuri wa nne kutoka kulia, ule wa kukataa.

Nikamwambia haraka kwamba si hivyo. Nikamweleza kliniki imefungwa, mzee ni kipofu, amemsifu mpaka akakohoa. Nikamsimulia na ile habari ya mtoto na kipimo, kwa joto nililokuwa nalo, bila kufikiri.

Bi Mhuri akaniangalia. Akauliza swali la nane nimejaza nini.

Nikaitazama ile tiki yangu.

Aliinuka, akaenda kwenye sinki, akarudi na faili jembamba kuliko yote. Lilikuwa langu, na ndani mlikuwa na barua moja, ile niliyojiandikia. Akaliweka mezani, akaliweka na la Sista ubavuni.

"Tukifungua upya la mmoja, Babu, tunafungua yote," akasema. "Nianze na lipi?"

Nilikuwa na miaka sitini na nane. Nilikuwa na chumba nyuma ya karakana ya baiskeli, chenye mlango unaofungika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimenunua kitanda badala ya kulalia cha mtu. Nikasema hakuna haja. Mhuri ukashuka.

Sista aliambiwa kwa simu. Kesho yake akaja. Hakuja kulia wala kuomba. Alisema anataka kusoma faili lake. Hiyo ilikuwa haki ya mwombaji, na Bi Mhuri mwenyewe ndiye aliyeiandika kwenye karatasi iliyobandikwa mapokezi baada ya ile aibu ya binamu: mwombaji anaruhusiwa kusoma faili lake mbele ya shahidi mmoja wa kliniki. Bi Mhuri akasema sawa kabisa, mama, karibu. Shahidi akanichagua mimi.

Tukakaa watatu jikoni mle. Sista akasoma karatasi moja moja, akitumia kidole. Alipofika kwenye kile kidonda cha kulalia, kidole kilisimama, kisha kikaendelea. Akasoma fomu ya mzee. Moja, mbili, tatu. Nane aliitazama kidogo akatabasamu, nadhani alikumbuka ile siku. Akafika chini.

Alisoma mara mbili. Nilijua ni mara mbili kwa sababu midomo yake ilikuwa ikisogea.

"Haya ni maneno yake?"

"Aliyempigia ni huyu hapa," Bi Mhuri akasema. "Mwandiko ni wake. Muulize, mama. Babu hana sababu ya kukuonea."

Sista akanigeukia. Nimeangaliwa na watu wengi maishani, wengine wakiwa na panga mkononi. Bi Mhuri alikuwa ameweka kiganja juu ya faili langu, kwa upole, kama mtu anayempapasa paka.

"Ulimuuliza hivi hivi? Naye akasema hapana?"

"Ndivyo alivyosema," nikajibu.

Na ndivyo alivyosema. Sikuongeza neno, sikupunguza.

Sista akafunga faili, akalisawazisha pembe zake na meza, akashukuru. Bi Mhuri akamwambia kuna nafasi ya kufanya usafi, hiyo haina uchunguzi mrefu. Tena viatu anavyo tayari. Alisema bila kucheka, na hilo ndilo lililokuwa baya. Sista akasema atafikiria.

Nilimsindikiza mpaka getini. Si kwa wema. Kitabu cha wageni kilikuwa getini na ilibidi atie saini ya kutoka. Alipomaliza kuandika saa akanipa kalamu, halafu akasema yule mzee alikuwa akimwita baba. Mama yake alipokuwa mgonjwa, kila Jumapili mzee alipiga simu kuuliza amekula nini. Jumapili iliyopita pia alipiga, akamwambia, binti yangu, usiwe na wasiwasi, nitakusemea.

"Angeniambia tu kama kuna kitu nilimkosea," akasema. "Miaka yote hiyo ningemwomba radhi."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na kwa sababu yalimzuia kuona, akanipa simu yake. Akaniomba nimfutie namba ya mzee, na kama kuna njia ya kumzuia asipige tena nimfanyie na hiyo, yeye hajui. Mimi nilijua, nilikuwa nimefanya kazi kwenye kibanda cha simu. Nilisimama pale na simu ya mtu mkononi. Nikageuka nyuma nikaona dirisha la jikoni, na kwenye dirisha sehemu ya bega la Bi Mhuri.

Nikamfutia. Nikamzuia na mzee asipige. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za kiatu.

"Asante, mzee wangu," Sista akasema. "Angalau wewe hukunificha."

Mwezi ukaisha. Habari za leseni yake nilizisikia kwa dada wa mapokezi, aliyezisikia kwa mgonjwa: imekufa, na chuoni hakwenda, angeanzia wapi. Kazi yetu akapewa nesi mwingine, msichana mpole ambaye fomu yake ilikuwa na tiki kumi na moja upande mmoja, zimepangana wima kama vifungo vya shati.

Wiki ya pili ya mwezi mpya simu ya kliniki ikalia, na dada wa mapokezi hakuwepo. Nikapokea. Nikaijua ile sauti kabla haijamaliza kusalimia. Mzee naye akaijua yangu, akanishika kwa furaha kama ndugu aliyepotea. Akasema binti yake hapokei simu, kila akipiga haiendi, au ndiyo kazi mpya imembana? Anampigia kumpongeza.

"Amepata, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo."

Alicheka tena kile kicheko cha kukohoa. Akasema alijua. Akasema nisimwambie, anataka kumshtukiza: ile mashine yake ya kupimia presha, ya zamani, ya zebaki, aliyofanyia kazi maisha yake yote, atampelekea yeye. Haina faida kwa mtu asiyeona. Binti ndiye aliyekuwa akiifuta kila jioni, anaijua kuliko yeye. Akaniuliza anuani ya kliniki, nikamtajia. Akarudia polepole, na nikasikia mtu mwingine chumbani kwake akiiandika.

Sanduku lilifika baada ya siku tisa, limefungwa kamba, juu limeandikwa jina la Sista kwa herufi kubwa. Anakoishi nilipajua, pameandikwa ukurasa wa kwanza wa faili lake, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Mimi dakika ishirini si kitu. Lakini ndani ya sanduku kulikuwa na kikaratasi, nilikihisi kwa kidole kwenye upenyo wa kifuniko, na nisingeweza kumpa mashine bila kikaratasi, wala kikaratasi bila maelezo. Nikalisukuma chini ya meza yangu. Lilikaa hapo siku mbili. Siku ya tatu Bi Mhuri aliligonga kwa mguu, akauliza ni la nani, nami nikasema limeletwa tu. Akalifungua kwa mkasi. Kile kikaratasi alikisoma, akakikunja, akakitupa kwenye kapu. Mashine akaiandika kwenye orodha ya vifaa kuwa ni msaada, akachagua mhuri, akaugonga.

Ni mashine nzuri. Sanduku lake ni la mbao, pembe za shaba, na ndani kuna kitambaa cha kufutia kilichokunjwa mara nne.

Mwezi huo huo daktari akaamua wafanyakazi wote tupimwe, ilikuwa sharti la wakaguzi. Nikaingia chumba cha nesi, nikakunja mkono wa shati. Msichana akanifunga ule mkanda, akaminya mpira, tukatazama pamoja zebaki ikipanda, ikasimama, ikaanza kushuka taratibu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akaufungua mkanda, akatafuta kisanduku chake kwenye fomu, akaweka tiki.

"Babu Kiguu," akasema, "presha yako nzuri kabisa. Kama ya kijana. Unalala vizuri, eh?"

Nikasema ndiyo, nikateremsha mkono wa shati, nikaita anayefuata.